Mashini ikinyamaza katikati ya kazi: kwa nini inatokea, na fundi afanye nini

Chukua mfano wa shule ya sekondari yenye wanafunzi 900, iwe Bunia, Butembo, Goma, Bukavu ao Uvira. Ni mwisho wa semestri. Walimu wamekwisha kuleta pointi, na wazazi wanangojea buleteni. Sekretere anafungula programu ambayo kijana mmoja wa informatiki aliandikia shule, anafinya butoni ya kutosha buleteni zote, kisha anangojea. Segonde moja, mbili, tatu. Hakuna kitu kinachosogea. Anafinya tena. Anafinya mara ya tatu. Ghafula dirisha linakuwa jeupe-jeupe, na kule juu, pembeni ya jina la programu, yanatokea maneno « Ne répond pas ».

Prefe iko anasimama mlangoni, anauliza kama kazi imekwisha. « Papa Prefe, mashini imebloka. » Sekretere anangojea kidogo, anakata tamaa, anafinya butoni ya kuzimisha ordinatere na kuishikilia mpaka mashini inazimika.

Kumbe programu haikukufa. Ilikuwa kazini, pengine ilikwisha kufika kwenye buleteni ya 120. Kwa kuzima, kazi imekatwa katikati. Fishie iliyokuwa inaandikwa inaweza kubaki nusu. Wanafunzi wengine wanakuwa na buleteni, wengine hapana, na hakuna anayejua mpaka umetoka wapi. Kesho yake mtu atasema ni virusi, na shule italipa fundi kusafisha mashini ambayo haikuwa na ugonjwa.

Kosa hapa si la sekretere. Mtu akisema na mwenzake, mwenzake akanyamaza na kukodoa macho minuti nzima, sherti atafikiri kuna tatizo. Kosa liko ndani ya namna programu ilivyoandikwa, na ni kosa ambalo karibu kila mwanafunzi wa informatiki analifanya kwenye programu yake ya kwanza. Linaweza kutengenezwa, na dawa yake haiombi kununua mashini mpya.

Mtu mmoja, kazi mbili

Ili kuelewa jambo hili, inafaa kuwaza biro ndogo ya kupiga mashini na kutosha fotokopi, sawa zile zinazopatikana karibu na vyuo vikuu. Mama mmoja iko anatumika pale peke yake. Anapokea wateja kwenye meza ya mbele, anakamata feza, na yeye huyo huyo ndiye anayeingia nyuma kutosha fotokopi. Mteja akileta karatasi moja, hakuna shida: mama anaingia, anatoka, anarudi kwenye meza.

Lakini siku moja mwanafunzi analeta kazi yake ya mwisho wa masomo, kurasa 300. Mama anaingia nyuma. Wateja wengine wanafika, wanagonga meza, wanaita: « Mama, uko? » Hakuna anayejibu. Wanasema biro imefungwa, wanaenda zao. Na mama hakulala: iko anatoka jasho nyuma ya ukuta.

Programu yenye dirisha inatumika vile vile. Inapofunguliwa, inapata mtumishi mmoja wa kwanza, ambaye mafundi wanamwita uzi mkubwa, kwani amri zote zinapita kwake moja baada ya ingine, sawa shanga kwenye uzi. Huyu anakaa kwenye meza ya mbele. Kila kitu kinachotokea kinawekwa kwenye mstari wake: suri imesogea, butoni imefinywa, herufi imepigwa kwenye klavye, dirisha linaomba kuchorwa upya. Anakamata kitu cha kwanza, anakimaliza, anakamata kinachofuata. Kama kila kitu kinakwisha upesi, mtu anayetazama ekra anaona programu inamtii mara moja.

Kijana aliyeandika programu ya buleteni alimpa mtumishi huyo huyo kazi ya nyuma. Tuseme buleteni moja inakula nusu ya segonde. Buleteni 900 zinakula segonde 450, ni kusema minuti 7 na nusu. Muda huo wote hakuna anayesoma mstari. Hata kama programu ina butoni ya kusimamisha kazi, haisaidii kitu, sababu ujumbe wa butoni hiyo nao uko unangojea kwenye mstari, nyuma ya kazi yenyewe inayotakiwa kusimamishwa.

Tena kuna hatari ingine ambayo wengi hawaijui. Zile mara mbili zingine sekretere alizofinya kwa wasiwasi, mbele ya dirisha kuwa jeupe, hazikupotea. Zimepanga mstari. Kama angengojea mpaka mwisho, programu ingemaliza buleteni 900, kisha ingeanza tena 900, na tena 900. Kama kila moja inaenda moja kwa moja kwenye imprimanti, karatasi na wino wa shule vinakwisha bure.

Segonde 5

Maneno « Ne répond pas » hayatoki kwenye programu. Yanatoka kwa Windows yenyewe. Windows inaangalia kama kila programu yenye dirisha iko inakuja kuchukua ujumbe wake. Programu ikikaa segonde 5 bila kuuchukua, Windows inaihesabu kuwa imenyamaza. Inaweka mbele yake dirisha la bandia, picha ya lile la kweli, ili mtu aweze walau kulisogeza, kulishusha ao kulifunga. Ndiyo ile rangi nyeupe inayoonekana. Mtu akifinya alama ya kufunga, Windows inamuuliza kama anataka kumaliza programu ao kungojea ijibu.

Kwa hiyo Windows haijui kama programu imekufa. Inajua tu kwamba hakuna mtu kwenye meza ya mbele. Kwa mfano wetu wa buleteni, segonde 5 ni buleteni 10 peke yake. Kazi iko bado asubuhi kabisa, na tayari mtu anaambiwa kwamba programu haijibu.

Simu za Android nazo zina sheria ya kufanana: programu ikikosa kujibu kidole kwa segonde 5, simu inaleta ujumbe wa kuuliza kama ifungwe ao ingojewe.

Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Kwenye Windows 3.1, programu moja ikikataa kuachia nafasi, mashini nzima ilisimama pamoja nayo. Toka Windows 95, iliyotoka mwaka 1995, mfumo wenyewe ndio unaogawa muda wa prosesa kwa programu mpya za wakati ule, ili moja isizuie zingine. Ndiyo maana leo mtu anaweza kuendelea kuandika barua kwenye dirisha lingine wakati lile la buleteni limenyamaza. Lakini ndani ya programu yenyewe, mfumo hauwezi kuamua kwa nafasi ya yule aliyeiandika.

Uvumilivu wa mtu nao umekwisha kuchunguzwa. Mtaalamu Jakob Nielsen, ndani ya kitabu alichotoa mwaka 1993, alikumbusha vipimo vitatu ambavyo mafundi wanavitumia mpaka leo. Jibu likija ndani ya sehemu moja ya kumi ya segonde, mtu anaona ni mara moja. Likifika segonde 1, anaona kwamba anangojea lakini wazo lake halikatiki. Likipita segonde 10, roho yake inaenda kwingine, na hapo sherti aonyeshwe kazi imefika wapi. Minuti 7 na nusu za kimya ni mara 45 ya kile kipimo cha mwisho.

Dawa: mtu wa pili nyuma

Mama wa biro atafanya nini? Atatafuta kijana wa kukaa nyuma kwenye mashini ya fotokopi. Yeye atabaki mbele. Mteja akileta kurasa 300, mama anamwandikia kijana kikaratasi, anakipitisha, na anaendelea kusalimia wengine. Kazi ya kurasa 300 haikufupishwa hata kidogo, lakini biro iko wazi.

Kwenye programu, mtu wa pili ni uzi mwingine. Karibu kila lugha ya kuandikia programu inao. Java iliweka chombo kinachoitwa SwingWorker ndani ya toleo lake la 6, mwaka 2006, kwa kazi hiyo hasa. Kwa wale wa C#, BackgroundWorker ilikuja mwaka 2005, na toka 2012 kuna maneno async na await yanayorahisisha mambo. Qt ina QThread. Kijana anayeandika kwa Python na Tkinter ana threading na queue ndani ya Python yenyewe, bila kutafuta intaneti ili apakue kitu.

Lakini kuongeza mtu bila sheria kunaleta fujo. Sheria ya kwanza: kijana wa nyuma asikuje mbele. Asiguse meza, asiguse sanduku la feza, asiseme na wateja. Kwenye programu maana yake ni hii: uzi wa nyuma usibadilishe kitu chochote kwenye dirisha, hata herufi moja. Swing, Qt, Tkinter na madirisha ya .NET vyote vimejengwa kwa wazo kwamba mtumishi mmoja tu ndiye anayegusa ekra. Wawili wakiigusa pamoja, programu inaweza kutumika vizuri mara kumi, na mara ya kumi na moja ikaanguka bila sababu inayoonekana. Kosa la namna hiyo ni gumu sana kulitafuta.

Basi wa nyuma anawasiliana na wa mbele kwa vikaratasi. Anaandika: « Nimemaliza 120 kati ya 900 », anakiweka kwenye kisanduku. Wa mbele anapita kuangalia kisanduku kila mara, anasoma, na yeye mwenyewe anabadilisha namba kwenye ekra. Kwa Tkinter, kisanduku ni queue, na kule kupita kuangalia kunapangwa na amri after, kwa mfano kila milisegonde 100.

Sheria ya pili: vikaratasi visizidi. Kuna kazi zenye mistari elfu mia moja. Wa nyuma akituma ujumbe kwa kila mstari, meza ya mbele inajaa ujumbe na inabloka tena, safari hii kwa sababu ya habari nyingi. Mara kumi kwa segonde inatosha, jicho la mtu haliombi zaidi.

Wale wa Python wanapaswa kujua jambo moja zaidi. Kwa Python ya kawaida, nyuzi mbili hazipigi hesabu wakati mmoja; zinapokezana. Kama kazi ya nyuma ni kungojea diski, imprimanti ao intaneti, hakuna shida, sababu anayengojea anaachia nafasi. Lakini kama ni hesabu nzito isiyopumua, dirisha linaweza kuwa zito. Hapo ni vizuri kutumia multiprocessing, ambayo ni sawa kumpa kijana biro yake ingine kando.

Kuna pia njia ya maskini, isiyohitaji mtu wa pili: mama anatosha kurasa tano, anarudi mbele kuangalia, anatosha zingine tano. Kwenye programu, kazi inakatwa vipande vidogo, na kila kipande kinapangwa nyuma ya ujumbe uliokwisha kufika. Njia hii inatosha kwa buleteni, kwani zinakatika moja-moja. Haisaidii kama kipande kimoja chenyewe ni kirefu, mfano kufungula fishie kubwa kutoka kwenye kle USB iliyochoka.

Kuonyesha, kusimamisha, kufunga

Kuweka uzi wa pili ni nusu ya kazi. Nusu ingine ni kumwambia mtu kinachoendelea.

Butoni ikifinywa, sherti izimike hapo hapo, iwe na rangi ya majivu, ili isifinywe tena mpaka kazi iishe. Hiyo inaondoa shida ya buleteni kutoshwa mara tatu. Kisha kuwe na mstari unaojaa pamoja na namba: 412 kati ya 900. Mwaka 1985, mtafiti Brad Myers alionyesha kwamba watu wanapendelea programu zenye alama ya namna hiyo. Mtu mwenye kuona namba inapanda anaweza kwenda kunywa maji na kurudi. Pale ambapo namba haiwezi kujulikana mbele, kitu kinachosogea kiwekwe pamoja na neno la kueleza kinachofanyika. Kuongopa kwa mstari unaofika 99 na kukaa pale minuti tano hakufai. Watu wanajifunza upesi kutouamini.

Butoni ya kusimamisha nayo ni lazima. Njia ya kuua uzi kwa nguvu si nzuri, sababu unaweza kufa ukiwa umeshika fishie mkononi. Njia ya usalama: wa mbele anainua bendera, na wa nyuma, kila anapomaliza buleteni moja, anaangalia kama bendera imeinuliwa. Kama ndiyo, anafunga vizuri alichofungula na anatoka. Kwa mfano wetu, sekretere atangojea nusu ya segonde peke yake.

Na mtu akifinya alama ya kufunga dirisha wakati kazi inaendelea? Programu iulize kwanza, iinue bendera, ingojee wa nyuma atoke, ndipo ijifunge. Kuna programu zinazofunga dirisha upesi, na kazi inakatwa nyuma ya mgongo wa mtumiaji, bila yeye kujua.

Umeme haungojei

Hata programu iliyoandikwa kwa adabu yote haiwezi kuzuia umeme kukatika. Kwenye mashini ya meza isiyo na onduleri, kila kazi ndefu ni hatari. Kwa hiyo fundi anapaswa kujiuliza: ikizimika sasa hivi, kitabaki nini?

Jibu la kwanza ni kutoandika kamwe juu ya fishie ya zamani. Fishie mpya iandikwe kando kwa jina lingine, na ikiisha kabisa ndipo ichukue nafasi ya ile ya zamani. Jibu la pili ni kwa wale wanaotumia hifadhi ya data kama SQLite: mabadiliko ya pamoja yafungwe ndani ya transaksio moja, ni kusema yote yakubaliwe ao yote yakataliwe. Umeme ukikatika katikati, programu ikifunguliwa tena SQLite inarudisha hali ya mbele. Jibu la tatu: programu ikumbuke buleteni ya mwisho iliyokwisha, ili kesho ianze na ya 413, isirudilie toka 1.

Vijana wengi hawaoni shida hizi wakati wa kuandika, na sababu ni nyepesi. Wanajaribu programu na wanafunzi 10 wa kubuni, kwenye mashini yao mpya. Wanafunzi 10 wanakwisha mbele ya zile segonde 5, dirisha halipati hata nafasi ya kuwa jeupe. Jaribio la kweli linafanyika na majina 900, kwenye ordinatere ya zamani ya shule, na mtu anayefinya ovyo, anayesogeza dirisha, anayetaka kufunga katikati. Inafaa pia kuweka kwa makusudi kituo cha segonde mbili ndani ya kila hatua, ili kuona programu itajibu namna gani.

Kwa anayekaa mbele ya ekra

Sekretere, muuguzi wa kituo cha afya ao mwenye depo ya dawa hawezi kuandika upya programu. Lakini anaweza kujilinda.

Dirisha likiwa jeupe, asifinye tena na asizime. Afinye pamoja Ctrl, Maj na Échap: dirisha la « Gestionnaire des tâches » linafunguka. Atafute jina la programu yake, aangalie namba za prosesa na za diski. Kama zinacheza, programu iko inatumika, na dawa ni kungojea. Kama zote ziko kwenye 0 kwa muda mrefu, bado inaweza kuwa inangojea imprimanti isiyo na karatasi ao kle USB iliyotolewa. Aangalie hizo kwanza. Kumaliza programu kwa nguvu kuje mwisho, na kuzima mashini nzima kuje nyuma ya hapo. Mbele ya kazi yoyote kubwa, nakala ya fishie iwekwe kando.

Na shule, kituo ao shirika linaloagiza programu liombe, mbele ya kulipa, kuona vitu vitatu kwa macho. Kwanza, kazi kubwa iendeshwe na data yote, na dirisha lisogezwe wakati huo: lisogee, lionyeshe namba. Pili, kazi isimamishwe katikati: isimame mara moja. Tatu, mashini ichomolewe umeme wakati kazi inaendelea, juu ya nakala ya majaribio, kisha programu ifunguliwe tena: pointi zote ziwe pale. Kijana aliyefanya kazi vizuri hatakasirika kwa kuombwa hivyo. Na yule ambaye programu yake imeanguka kwenye jaribio la tatu atakuwa amejua kosa mapema, mbele ya wazazi 900 kufika kwenye lango la shule.